Maswali ya Wasomaji: Pipa Lililo Hai na Ukarabati wa Baa ya Mtaa

Mwezi uliopita tulichapisha barua ya mistari mitatu ya msomaji aliyesema kwamba bia inayovutwa kwa mkono katika pabu, yaani baa za mtaa, za Uingereza haina tofauti na uji uliopoa, na tangu siku hiyo sanduku letu limejaa barua za Waswahili wanaoishi huko, wengine wakimuunga mkono, wengine wakimsuta, na wachache wakiuliza mambo yanayohitaji majibu. Tumechagua nne. Aliyepewa kazi ya kuzijibu ni mwenzetu ambaye, kabla ya kushika kalamu, alishika funguo za stoo ya mapipa katika pabu moja ya Yorkshire kwa miaka sita.

SWALI: Shikamoo mjibu maswali. Mimi ni mwanafunzi kutoka Marangu, ninasoma Sheffield. Wenzangu wa darasani walinipeleka kwenye pabu, nikaagiza bia waliyoisifia, na mhudumu akavuta mpini mrefu mara tatu akanipa glasi ya kitu chenye rangi ya chai ya rangi, kisicho na gesi ya kutosha wala baridi. Nilidhani imeharibika lakini nikaogopa kusema. Wao wanaiita eli halisi. Hiyo ni bia gani, na inatofautianaje na zile za krafti zinazouzwa kando yake kwa bei ya kuumiza? (Mwanafunzi, Sheffield)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtu wa Marangu ndiye wa mwisho aliyepaswa kuishangaa bia hiyo, kwa sababu umekulia jirani na mbege. Unajua jinsi ndizi mbivu zilizochemshwa zinavyochanganywa na kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewe, na unajua kwamba mbege ya asubuhi si mbege ya jioni, kwa kuwa haijaacha kufanya kazi ndani ya chombo chake. Ukichelewa siku mbili, wazee wanakuambia imeshachacha na wala hawakuonei huruma. Eli halisi ni binamu yake wa mbali, aliyetengenezwa kwa kimea cha shayiri na uchungu wa maua ya hopsi.

Bia nyingi za viwandani zikimaliza kuchachuka huchujwa hadi hamira yote itoke, nyingi kati yake hupashwa joto ili kisibaki kijidudu chochote, kisha hutiwa gesi na kufungwa, na kuanzia hapo hazibadiliki, ziwe Mtwara au Manchester. Eli halisi haifanyiwi hivyo. Inatoka kiwandani ikiwa na hamira hai na sukari kidogo iliyobaki, uchachukaji wa pili unaendelea ndani ya pipa lile lile litakalofunguliwa pabu, na vijipovu vyake vyote ni vile vilivyozaliwa humo. Ndiyo maana hukuona gesi ya kukukwaruza koo. Mpini uliouona ni wa pampu ya kawaida, isiyosukumwa na gesi wala umeme. Fundi wa Kiingereza aitwaye Joseph Bramah alisajili hataza ya pampu ya namna hiyo mwaka 1797, na yaliyobadilika tangu wakati huo si mengi.

Ama kuhusu baridi, kwetu mhudumu huuliza, "Ya moto au ya baridi?", na ya moto maana yake ni iliyokaa nje ya friji. Eli haimo katika mizani hiyo. Inatakiwa iwe kati ya nyuzi 11 na 13 za Selsiasi, sawa na maji ya mfereji wa kwenu alfajiri ya mwezi wa Julai. Ukiipoza zaidi ya hapo ladha zake zinajificha, na ukiiacha ifike nyuzi 18 inalegea na kunuka hamira, na hapo yule msomaji wa uji uliopoa anakuwa na haki yake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Mwanza watalifurahia. Hamira iliyomo ndani ya pipa ingeifanya bia iwe na ukungu, kwa hiyo watengenezaji wengi hutia dawa ya kuituliza, na dawa ya asili kuliko zote hutokana na kile kifuko cha hewa kilichomo ndani ya samaki, ambacho wavuvi wa Ziwa Victoria hukiita bondo. Mabondo ya sangara siku hizi yana bei kuliko minofu yake, na wanunuzi wake wakubwa wako China, lakini kazi ya mabondo katika bia ya Ulaya ni ya zamani zaidi: yanashikana na hamira na kuivuta hadi chini ya pipa, na bia iliyo juu inabaki imeng'aa. Asiyekula samaki na aulize kabla ya kuagiza. Kampuni ya Guinness ilitangaza mwaka 2015 kwamba itaacha kuyatumia, na viwanda vingi vidogo sasa vinaiacha bia yao na ukungu wake bila aibu yoyote.

Neno lenyewe, eli halisi, lilienezwa na watu waliokasirika. Katika miaka ya 1960 kampuni kubwa za bia za Uingereza zilianza kuziondoa bia za pipa na kuweka mahali pake bia za kegi, yaani zilizochujwa na kusukumwa kwa gesi, kwa sababu kegi haihitaji mtu mwenye ujuzi wa kuitunza. Mwaka 1971 vijana wanne waliokuwa likizoni huko Kerry, Ireland, waliamua kuanzisha chama cha kuitetea bia ya zamani, na chama hicho, CAMRA, kikaja kuwa moja ya vyama vya walaji vilivyofanikiwa sana Ulaya. (Msomaji wa Kenya asichanganye mambo hapa. Kegi ninayoisema si ile Senator ya bei nafuu. Ni jina la chombo tu.)

Krafti, kwa upande wake, ni neno lililotoka Marekani, ambako viwanda vidogo vilianza kuchipuka baada ya Fritz Maytag kukiokoa kiwanda cha Anchor cha San Francisco mwaka 1965. Nchini Uingereza halina maana ya kisheria. Kwa kawaida linamaanisha bia ya kiwanda kidogo, yenye hopsi nyingi, inayotoka kwenye kegi ikiwa baridi na yenye gesi, na viwanda vya namna hiyo viliongezeka sana baada ya serikali kuwapunguzia kodi watengenezaji wadogo mwaka 2002. Hata hivyo baadhi ya majina yaliyovuma yameshanunuliwa na wakubwa: Camden Town ilinunuliwa na AB InBev mwaka 2015, na Beavertown ikawa mali ya Heineken mwaka 2022. Kwa hiyo mimi nikiona neno krafti kwenye kibao haliniambii kitu. Ninauliza bia imetengenezwa wapi na pipa limefunguliwa lini.

Wala usidhani ni kambi mbili zinazopigana. Karibu na hapo ulipo, mjini Bakewell, kiwanda cha Thornbridge kinatengeneza Jaipur, bia ya asilimia 5.9 iliyoanza mwaka 2005, na utaikuta ikivutwa kwa mkono katika pabu moja na ikitoka kwenye kegi katika pabu ya pili. Ukipata bahati ya kuzikuta zote mbili mahali pamoja, agiza nusu painti ya kila moja (painti ni zaidi kidogo ya nusu lita), uziweke mbele yako, na utaelewa zaidi ya nitakavyokueleza.

Na siku nyingine usiogope kusema. Ikinuka siki, au ikiwa na ukungu pamoja na uchachu usioelezeka, irudishe kaunta kwa upole. Pabu inayojiheshimu itakubadilishia bila mabishano.

SWALI: Ndugu mjibu, habari za kazi. Ninaishi katika kijiji kimoja cha Derbyshire ambako mume wangu alizaliwa. Pabu ya kijiji ilifungwa, wakazi tukachanga kwa kununua hisa, tukaipata. Mimi nilichaguliwa kuwa mweka hazina, nadhani kwa sababu waliwahi kusikia kwamba ninaendesha upatu wa akina mama bila shilingi kupotea. Sasa tunakarabati. Msanifu wetu anapendekeza mambo matatu: kuvunja ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya mbele ili kupata ukumbi mmoja, kuacha stoo ya mapipa iliyo chini ya sakafu na kujenga nyingine nyuma ya jiko, na kuweka pampu nane za mkono ili tujulikane kwa eli. Vijana nao wanataka bia za krafti. Kwa mujibu wa vitabu vya mwenye pabu aliyetangulia, eli iliyouzwa siku za katikati ya wiki ilikuwa yapata painti 60, na Ijumaa na Jumamosi ilifika 130. Fedha tuliyo nayo haitoshi kwa yote. Tuanze wapi? (Mweka hazina, Derbyshire)

JIBU: Dada, umeniandikia barua yenye hesabu ndani yake, na wanaoandika hivyo ni wachache. Tuanze na hesabu hiyo, kwa kuwa itatuamulia mengi.

Pipa la kawaida la eli lina galoni 9, ambazo ni painti 72. Ukiondoa painti mbili tatu za chini zenye mashapo, unabaki na 70 hivi za kuuza. Tangu siku unapoanza kulivuta, hewa inaingia kuchukua nafasi ya bia inayotoka, na hewa hiyo ndiyo inayoanza kuiua. Siku ya kwanza bia huwa nzuri, ya pili mara nyingi huwa nzuri zaidi, ya tatu bado inanyweka, na baada ya hapo unawauzia majirani zako kitu ambacho wewe mwenyewe usingekinywa. Kwa hiyo kila pampu inataka wanywaji wa painti 24 kwa siku. Pampu nane zinataka painti 192 kila siku, Jumanne ya mvua ikiwemo. Ninyi mnauza 60.

Sasa angalia painti hizo 60 zinavyogawanyika. Mapipa mawili ya galoni 9 yanachukua 48, na pipa dogo la galoni 4 na nusu, lenye painti 36, linachukua 12 zilizobaki. Bia tatu, zote zikiwa mbichi. Ijumaa unafungua pipa la nne, na likija kundi la wapanda milima unafungua la tano. Ningeweka pampu nne kwenye kaunta, na ile ambayo haina kitu katikati ya wiki igeuziwe nyuma kibao chake chenye jina la bia, kama kila mnywaji wa huko anavyoelewa. Hakuna aibu katika kibao kilichogeuzwa. Aibu ninaijua mimi: mwenye pabu niliyoifanyia kazi aliamua wikiendi moja ya sikukuu tufungue mapipa sita kwa mpigo, mvua ikanyesha tangu Ijumaa hadi Jumapili, na Jumatatu asubuhi nilisimama juu ya mfereji wa stoo nikimwaga painti baada ya painti, mainzi wadogo wakinizunguka, harufu ya siki ikinipanda puani. Alinilaumu mimi kwa utunzaji. Nilikuwa nimeitunza vizuri sana. Hapakuwa na wa kuinywa.

Kuhusu stoo, kaeni chini ya sakafu kama mnaweza. Stoo ya mawe iliyochimbwa ardhini inajipoza yenyewe kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kifaa cha kupoza kinasaidia tu miezi ya joto. Chumba kilicho nyuma ya jiko kitapigana na majiko yenu kila siku ya kiangazi, na bili ya umeme itakuja kwako wewe mweka hazina. Msanifu ana hoja moja ya kweli, nayo ni uzito. Pipa la galoni 9 likiwa limejaa linazidi kilo 50, na ngazi za stoo za zamani zimewavunja watu migongo. Dawa yake ni kutengeneza vizuri ule mlango wa sakafuni unaofungukia nje, ili mapipa yateremshwe kwa reli na kamba moja kwa moja kutoka kwenye lori.

Fedha ya kwanza iende hapo chini, kabla hamjanunua kiti kimoja. Sakafu iwe na mteremko kuelekea kwenye mfereji wa kutoa maji, maana stoo isiyoweza kumwagiwa maji haiwezi kuwa safi. Kuta zipakwe chokaa. Pasiwekwe vitunguu, viazi wala jibini humo, hata kama mpishi atalia kwamba hana nafasi, kwa sababu ukungu wa vyakula hausubiri kualikwa. Mabomba kutoka kwenye pipa hadi kwenye pampu yawe mafupi kadiri inavyowezekana na yavishwe kizuia joto. Bia iliyolala ndani ya bomba usiku kucha ndiyo ile inayomfanya mteja wa kwanza wa saa sita mchana akunje uso. Yasafishwe kila baada ya siku 7, na tarehe iandikwe ukutani. Na mkiweka kegi, wekeni king'ora cha kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, haina rangi wala harufu, na mtu anaweza kushuka ngazi akiwa mzima asipande tena. Katika hilo msikubali kupunguza gharama.

Mkishakuwa na stoo nzuri, mfundisheni mtu mmoja kazi yake, na mwingine wa kumpokea akiugua. Pipa likifika hulazwa juu ya kichanja chake na kuwekewa kabari lisitikisike. Kizibo cha juu hutobolewa na kuwekewa kijiti cha mti laini, ambacho kinaiachia gesi ya ziada itoke taratibu. Utaona povu likichemka juu ya kijiti, unalifuta, linarudi, unalifuta tena, mpaka linaanza kuchoka. Hapo kijiti laini kinabadilishwa kwa kigumu kisichopitisha hewa, bomba la mbele linagongelewa kwa nyundo ya mti kwa pigo moja la kuamua (ukisitasita unaoga), na bia inaachwa itulie angalau siku nzima kabla ya kuuzwa. Mimi nilijifunza kwa kusikiliza: pipa lililo tayari linanyamaza.

Vijana wenu nao wana haki, na kwa bahati matakwa yao hayagongani na hesabu yetu. Kegi ya lita 30 ina painti 52 hivi, na kwa kuwa inasukumwa kwa gesi bila hewa kuingia, inakaa wiki kadhaa baada ya kufunguliwa. Basi wingi wa aina uuwekeni upande wa kegi, bomba tatu au nne za krafti zinazobadilishwa, na upande wa pampu za mkono muwe na chache zinazokwenda haraka. Jambo la kodi pia lisikupite: tangu Agosti 2023 bia ya kumimina hutozwa ushuru mdogo kuliko ya chupa na makopo, mradi chombo chake kisipungue lita 20 na kilevi chake kiwe chini ya asilimia 8.5, na lile pipa dogo la galoni 4 na nusu, kwa kuwa lina lita 20 na nusu, linapenya hapo kwa upenyo mwembamba.

Umebaki ukuta. Msiuvunje. Kabla ya fedha ningetaja usikivu: chumba kimoja kikubwa kina makelele ya chumba kimoja kikubwa, na mzee anayetaka kucheza domino hawezi kukaa na harusi chini ya dari moja. Vyumba viwili vinawaruhusu watu wawili wasiopatana kunywa katika pabu moja kwa miaka thelathini. Pabu nyingi za Uingereza zilivunjwa kuta zake za ndani katika miaka ya 1960 na 1970 ili mtu mmoja aliye kaunta aone ukumbi mzima, na wengi wanaozikarabati leo wanalipa ili kuzirudisha.

Na wanahisa wakigombana, mna mifano ya kuwaonyesha. Wanakijiji wa Hesket Newmarket, Cumbria, walinunua pabu yao, Old Crown, kwa ushirika mwaka 2003. Huko Nunhead, kusini mwa London, Ivy House ilikuwa pabu ya kwanza kuandikishwa kuwa mali yenye thamani kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2011, ambayo inawapa wakazi miezi sita ya kutafuta fedha kabla ya jengo kuuzwa. Watu 371 wakanunua hisa, na ikafunguliwa tena mwaka 2013. Katika vyama vya namna hii kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa ya pauni mia au elfu kumi, kama vyama vyetu vya ushirika vilivyotakiwa kuwa. Lipelekeni suala la pampu nane kwenye kura, lakini kwanza wasomee wanachama ile hesabu ya 24.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni fundi seremala, asili yangu Mombasa, nipo Leicester. Sinywi, lakini kazi ni kazi. Mteja ananitaka niondoe mbao za zamani katika pabu aliyoinunua: vizuizi vya mbao vyenye vioo vya maua vinavyogawa kaunta, pamoja na kabati kubwa la vioo lililo nyuma yake. Anataka pia tupige plasta ya saruji ukuta wenye unyevu. Anasema ni mali yake na nisiwe na wasiwasi. Nafsi yangu haijatulia. (Fundi, Leicester)

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Nafsi yako ina busara, isikilize. Usiguse ubao hata mmoja mpaka umejua kama jengo hilo limo katika orodha ya majengo yanayolindwa. Orodha ya Uingereza ni ya wazi kwa kila mtu na inatunzwa na Historic England. Ukiwa na anwani tu utaliona. Kama limo, ulinzi hauishii kwenye ukuta wa nje. Unaingia ndani, hadi kwenye hivyo vizuizi na hilo kabati. Pabu ya Philharmonic ya Liverpool, iliyopandishwa daraja la kwanza la orodha hiyo mwaka 2020, inasifiwa hata kwa vyoo vyake vya wanaume vya marumaru.

Jambo ambalo mteja hakukuambia ni hili: chini ya sheria ya mwaka 1990, kulibadilisha jengo la namna hiyo bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, na sheria inamshika anayeamuru kazi na anayeifanya pia. Neno la mdomo la mteja halitakukinga. Mwombe nakala ya kibali, uisome mwenyewe, na ukiona mbao zako hazikutajwa, mpigie simu afisa wa hifadhi wa halmashauri.

Wapo waliodhani kuomba msamaha ni rahisi kuliko kuomba ruhusa. Mwezi wa Aprili 2015 pabu ya Carlton Tavern, iliyojengwa magharibi mwa London mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilibomolewa bila kibali wakati wataalamu walipokuwa wakifikiria kuiingiza katika orodha. Kwa kuwa walikuwa wameshaikagua na kuiwekea kumbukumbu, halmashauri ya Westminster iliweza kuamuru ijengwe upya tofali kwa tofali, na mmiliki alipokata rufaa akashindwa. Ilifunguliwa tena Aprili 2021. Nyingine ni Crooked House ya Staffordshire, nyumba ya karne ya 18 iliyoinama kwa sababu ya migodi iliyochimbwa chini yake: iliungua tarehe 5 Agosti 2023, ikabomolewa siku mbili baadaye, na Februari 2024 halmashauri ikaamuru irejeshwe kama ilivyokuwa.

Hata kama pabu ya mteja wako haimo katika orodha, mshauri aviache vizuizi hivyo. Vilitengenezwa enzi za Malkia Victoria ili mnywaji wa chumba cha heshima asitazamane na mhudumu wala na makabwela wa chumba cha pili, na vilivyobaki ni vichache mno; mteja anakulipa wewe uvitoe, kisha atamlipa mwingine amtafutie kitu cha zamani cha kuning'iniza ukutani.

Ukuta wenye unyevu wewe unaujua kuliko mimi. Nyumba za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale zinapumua kupitia chokaa, na umeona zinavyofanya zikizibwa kwa saruji: unyevu unakosa pa kutokea, unapanda, na plasta inadondoka vipande vipande pamoja na ngozi ya jiwe. Ukuta wa matofali wa karne ya 19 hauna tabia tofauti. Tumia chokaa, na kwanza tafuta maji yanaingilia wapi, kwa kuwa mara nyingi ni mfereji wa paa uliopasuka. Kisha, kabla hujapasua chochote, dai ripoti ya asbesto, ambayo sheria inaitaka kwa jengo lolote la zamani linalokarabatiwa, na usipige msasa mkavu kwenye rangi ya zamani, maana huenda ina madini ya risasi ndani yake, nayo ni sumu.

SWALI: Nikiagiza painti Leeds, robo ya glasi ni povu. Nikiagiza London, imejaa hadi ukingoni. Je, kaskazini wanatuibia? (Mlipa kodi, Leeds)

JIBU: Hawakuibii, ila unaweza kudai. Painti ni mililita 568, na mwongozo wa wafanyabiashara wenyewe unasema kisichopungua asilimia 95 kiwe bia. Kikipungua, mwombe mhudumu akuongezee, naye anatakiwa akuongezee bila kununa. Povu la kaskazini linatokana na kifuniko kidogo chenye matundu membamba kinachofungwa kwenye mdomo wa pampu, ambacho huisukuma bia ikatoka na kilemba laini kama maziwa yaliyopigwa. Watu wa kusini wanakichukia na kusema kinaiondolea bia uchangamfu wake. Mimi, kwa kuwa nimefunzwa Yorkshire, nina upande wangu. Ila kama hulipendi povu hilo, mwombe mhudumu akifungue kifuniko kabla hajaanza kuvuta. Ni kazi ya sekunde tano, ingawa katika pabu nyingi za Leeds atakutazama kwanza kama mtu aliyemtukania mama.